Kujifungua kwa kawaida baada ya upasuaji
Dada yangu wa Pangani, umeuliza kama waweza kujifungua kwa njia ya kawaida ilhali mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Mara nyingi inawezekana, ila kinachoangaliwa ni kovu la ndani ya mfuko wa uzazi, wala si lile la ngozi: likiwa la kukingama, sehemu ya chini, hatari ya kuchanika wakati wa uchungu huwa ndogo kuliko lilivyo la wima. Omba hayo yaandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Uchungu usikukute nyumbani, maana safari ya usiku kwenda Tanga mjini si ya mjamzito mwenye kovu. Hamia mapema kwa ndugu walio karibu na Hospitali ya Bombo, huko Tanga mjini. Wakilazimika kumvuta mtoto kwa vakyumu, yaani kikombe cha kunyonya kinachobandikwa kichwani mwake, usishtuke, kwani uvimbe unaobaki hapo kwa kawaida hupungua ndani ya siku 1 au 2.