Mwanangu, kuhusu kiti cha wadi

Mwanangu,

Umeniuliza kama uwanie kiti cha mwakilishi wadi mwaka 2027, na kama ndiyo ngazi ya kukufikisha kwenye ugavana. Mimi nilikaa bunge la kaunti muhula mmoja, 2013 hadi 2017, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Mwakilishi wadi hana pesa za barabara. Wagombea huziahidi, lakini fedha ziko kwa gavana na mawaziri wake. Wewe una kura, maswali na nafasi kwenye kamati. Makadirio ya bajeti huletwa bungeni kufikia 30 Aprili, nanyi muyapitishe kufikia 30 Juni. Miezi hiyo miwili ndiyo kazi yenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nikipekua makaratasi hayo, nikaona zahanati yetu imetengewa jengo jipya, ila muuguzi na dawa hazikutajwa popote. Niling'ang'ana kwenye kamati wiki tatu mpaka wenzangu wakanichoka. Tulipata muuguzi mmoja. Watu wa wadi hawakujua alifikaje pale, kwa sababu sikuwahi kurudi barazani kuwaeleza. Wewe usifanye hivyo.

Halafu kuna lango la nyumbani. Unawakumbuka wale waliofika kabla ya jua kuchomoza: karo, bili ya hospitali, jeneza. Nilitoa nilichokuwa nacho, na muhula uleule wewe ukarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mpaka leo inaniuma, mwanangu, na sijawahi kukuomba msamaha. Nakuomba sasa.

Mwaka 2017 niliangushwa kwenye mchujo wa chama. Kuna njia ya mgombea huru, unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi. Mimi sikuwa na nguvu tena.

Ugavana uweke kando. Bunge hilo ndilo linaloweza kumng'oa gavana kwa thuluthi mbili ya wajumbe, kisha Seneti ikaamua. Anayekimezea mate kiti chake atamhoji vipi kwa haki? Nilikaa na wa namna hiyo. Kila swali lao lilikuwa na bei.

Jambo moja la haraka. Wewe ni mwalimu wa serikali, na sheria inakutaka ujiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi. Keti na mkeo mhesabu miezi hiyo bila mshahara, tena mhesabu kana kwamba umeshindwa. Mkimaliza nipigie, tuzungumze sote watatu.

Mamako