Jibu: mwalimu mpya wa darasa la kwanza anayekuja Kasulu abebe nini?

Mkuu, hongera kwa ajira na karibu Buha, yaani huku kwa Waha, Kigoma. Umeuliza kama ujaze boksi zima la vifaa huko Dar kabla ya kuja kuripoti Kasulu, na umesema umeshadokezwa utapewa darasa la kwanza. Mimi nipo huku huku na madarasa ya chini ndiyo yangu, kwa hiyo nakujibu kwa vile ninavyokaa navyo darasani.

Chaki usinunue. Chaki, kitabu cha mahudhurio na karatasi za maandalio ni mambo ya ofisi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule inaendeshwa kwa ruzuku iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zinabaki serikalini juu kwa ajili ya vitabu. Ni kidogo, sibishi, lakini chaki imo humo. Ukianza kutoa mfukoni mwako, baada ya muda itaonekana ndiyo kazi yako. Wewe tafuta ndoo ndogo yenye mfuniko ya kuzihifadhia. Mvua za huku zinaanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi karibu Mei, na chaki iliyonyonya unyevu inateleza tu ubaoni.

Pesa yako peleka kwenye penseli. Hapa ndipo vipindi vya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) vinapofia: watoto nusu wamekaa mikono mitupu, mmoja analia ameibiwa, mwingine anatafuna ncha. Nunua za darasa, kila moja ikate vipande viwili. Kipande kifupi kinakaa vizuri kwenye kiganja cha mtoto wa miaka sita, na kikipotea hasara ni nusu. Mwisho wa kila kipande paka rangi ya kucha, nyekundu inaonekana zaidi. Mtoto akienda nayo nyumbani, hata mzazi anajua ni ya shule. Asubuhi unagawa kwa dawati, kabla ya kengele ya kutoka unakusanya kwa dawati. Wembe ukae kwako peke yako. Vifutio nunua vya kweli, maana bila hivyo watafutia kipande cha kandambili na daftari litatoboka.

Vya kuhesabia vipo bure. Huku kwenye michikichi, omba kokwa kavu ambazo bado hazijapasuliwa kutoa mise (kiini cha ndani), zioshe kwa sabuni mafuta yatoke. Ni nzito kiasi, hazipeperuki, na hazitamaniki kama vizibo vya soda ambavyo vitageuzwa magurudumu ya vigari ndani ya wiki. Kwa makumi na mamoja tumia vijiti. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu iliyochoka, ikate pete pete. Kila pete inafunga vijiti kumi. Ukisema 23, mtoto analeta mafungu mawili na vijiti vitatu. Ukitaka kumfundisha kukopa kwenye kutoa, anafungua fungu mwenyewe. Sijaona mchoro wa ubaoni unaofanya kazi hiyo.

Jambo ambalo huenda hukuambiwa chuoni: wengi wa watoto hawa wanaongea Kiha nyumbani, Kiswahili wanakikuta kwako. Kwa hiyo weka kikapu cha vitu halisi: kikombe, kitana, kufuli, kijiko, jani la muhogo, dagaa mkavu (huyu mbadilishe mara kwa mara, paka wa shule hana adabu). Unamshikisha kitu, anakitaja, kisha mnakiandika.

Mabango ya manila ni mazuri siku ya ukaguzi, ila mchwa wa huku hawana huruma. Mimi napasua mifuko ya salfeti, nafua, nyuzi za pembeni naziunguza kwa mshumaa zisifumuke, kisha naandika silabi kwa maka peni. Bango hilo likichafuka unalifuta kwa kitambaa chenye maji. Jaribu wino kwanza kwenye kona, zipo maka peni zinazofutika ovyo.

Pamba, bandeji na glavu kaa navyo, vidonge hapana, mtoto akiumwa mwite mzazi au peleka zahanati.

Steshenari zipo Kasulu mjini na Kigoma pale Mwanga, kwa hiyo usijitese na mzigo kwenye basi. Maka peni nzuri tu ndizo ningebeba kutoka huko.