Kuishi kwa kupiga drams za funk na jazz: jibu kwa aliyeuliza

Umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kupiga drams za funk na jazz, na kama akazanie kasi kwanza, ukataja na seti ya drams ya bei kubwa unayotaka kununua. Hii ndiyo kazi inayonilisha, jukwaani na studio, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona humo.

Inawezekana, ila sijawahi kuitwa kazini kwa sababu ya kasi. Anayekutafuta ni kiongozi wa bendi au mpiga besi, na anataka mdundo asiohitaji kuuwazia. James Brown, mwimbaji wa funk wa Marekani, aliijenga bendi yake juu ya pigo la kwanza la kila kipimo (kundi la mapigo manne): wote wanatua hapo, halafu kila mmoja anazunguka kwenye nafasi zake mpaka pigo hilo lirudi. Msikilize mpiga drams wake, Clyde Stubblefield, kwenye "Funky Drummer", iliyorekodiwa 1969. Wenzake wakinyamaza, usifuate mapigo makubwa ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Fuata yale madogo yaliyo katikati, kijiti kikigusa ngozi tu. Ukiyaondoa, mdundo mzima unakauka. Hakuna kilichonichukua muda mrefu kama kuyafanya yawe madogo kweli, maana mkono hupenda kuyakuza bila wewe kujua. Weka kijiti karibu kabisa na ngozi, metronomu (kifaa kinachogonga mwendo) iende polepole mno, na usiongeze mwendo mpaka tofauti ya sauti kubwa na ndogo isikike hata kwa mtu aliye chumba cha pili.

Jazz inakuhamisha mkono. Mwendo unakaa kwenye toazi kubwa la kulia, haihati (matoazi mawili yanayokutana) inafungwa kwa mguu kwenye pigo la pili na la nne, na kiki, ngoma kubwa ya mguu, inaguswa taratibu kiasi kwamba mpiga besi anaihisi kuliko anavyoisikia. Wanaosema lazima uchague mtindo mmoja wamsikilize mpiga drams Idris Muhammad wa New Orleans. Alipiga funk iliyojaa jasho na mpiga saksafoni Lou Donaldson, kisha akakaa na mpiga piano Ahmad Jamal, ambaye ukimya ni sehemu ya muziki wake. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni masikio.

Sasa pesa, na hapa naomba usome kwa makini. Stubblefield hakuandikwa kama mtunzi wa "Funky Drummer". Watayarishaji wa hip hop walipoanza kukata kipande chake cha drams na kukitumia kwenye nyimbo zao, kikaingia kwenye mamia ya nyimbo, na yeye hakupata mirabaha ya maana. Desturi ya biashara ya muziki inamtambua mwenye maneno na melodia, na mdundo unahesabiwa kama kazi ya kibarua. Naliona hilo ni dhuluma, kwa sababu watu hawakukopa maneno ya wimbo ule, walikopa mikono yake. Alifariki 2017 huko Madison, Wisconsin, alikopiga kwa miaka mingi kwenye kumbi ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kukaa kwenye kiti cha studio, uliza: nalipwa mara moja au nina sehemu? Jibu liwe kwenye maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu. Kama umebuni mdundo ambao wimbo umejengwa juu yake, omba jina lako liingie siku hiyohiyo. Wimbo ukishapata umaarufu, hakuna atakayekusikiliza.

Kipato chenyewe kinatoka vyanzo vingi: shoo, kurekodi, kufundisha, kuziba nafasi ya mwenzako aliyeugua. Hii ya mwisho inadai usome nota, kwa sababu unaletewa karatasi saa chache kabla ya kupanda. Na vaa vizibo vya masikio tangu sasa, hata mazoezini. Usikivu ukipotea haurudi.

Kuhusu seti ya bei kubwa unayoifikiria, iache kwanza. Nunua toazi moja zuri, kisha tafuta mpiga besi mfanye mazoezi wawili tu, bila gitaa wala piano ya kuwafunika.