Kichwa kinachouma ukikohoa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini mtu mwenye afya yake aumwe kichwa kwa kukohoa tu, kuinama au kunywa kitu baridi.

La baridi ni jepesi. Neva inayohisi baridi ya barafu ya ukwaju kaakaani ndiyo hiyo hiyo inayohudumia paji la uso, basi ubongo hukosea anwani. Bandika ulimi kwenye kaakaa lipate joto. Dakika 10 haziishi, maumivu yamekwisha. Helmeti ya bodaboda inayobana nayo haina fumbo: ivue, ndani ya saa moja kichwa kitatulia.

La kukohoa lina mambo. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukijikamua chooni au ukiinua ndoo ya lita 20 huku umebana pumzi, shinikizo la kifuani na tumboni hupanda, na maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo husukumwa. Kwa wengi hupita bila shida. Kwa wengine sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeteremka milimita 5 au zaidi kwenye tundu la fuvu linalopakana na shingo, ikakaa pale kama kizibo. Hali hiyo huitwa Chiari. Maumivu hukaa kisogoni, na wengine huongezewa ganzi mikononi, kuyumba au kupaliwa ovyo.

Kati ya wenye maumivu ya namna hii, karibu asilimia 40 hukutwa na chanzo ndani ya fuvu, Chiari ikiongoza. Kwa hiyo hata yakiisha kwa sekunde chache, omba MRI, kipimo cha picha kwa sumaku. CT, picha ya eksirei ya kompyuta, inaweza kuikosa Chiari, kwani mifupa minene ya pale huchafua picha. Majibu yakiwa safi, daktari huweza kuandika indomethasini, dawa ya maumivu. Usijinunulie: inachubua tumbo na kuelemea figo.

Kuna la faragha, na aibu hapa ni hatari: kichwa kinacholipuka mtu akifika kileleni katika tendo la ndoa. Mara nyingi halina madhara, lakini likitokea mara ya kwanza halitofautiani na la mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Maumivu yoyote yanayofika upeo ndani ya dakika moja ni ya kwenda hospitali usiku huo huo, msingoje kukuche. Kariri saa yalipoanza: CT ikipigwa ndani ya saa 6 huona karibu kila damu iliyovuja, zikipita, huenda mgonjwa akachomwa sindano ya mgongo kutoa maji ya kupima.

Msomaji, Dar es Salaam