Bunduki ya kwanza ya kuwindia, kwa anayeogopa teke

Juu ya nyusi yangu ya kulia kuna kovu lililopinda, kama mwezi mwandamo. Wengi hudhani ni ajali ya bodaboda. Ni darubini ya bunduki. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, kwenye kambi ya uwindaji upande wa Simanjiro, na wakubwa zangu wakanipa bunduki ya .458 ili "nionje" (namba hiyo ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi). Sikuwa nimewahi kupiga kitu kikubwa kuliko ki-.22. Nina kilo 92, kwa hiyo hakuna aliyefikiri nitaogopa. Risasi ilikwenda inakojua yenyewe, damu ikanishuka usoni, wenzangu wakacheka mpaka chai ikapoa.

Kovu lilipona wiki mbili. Woga ulinikalia miaka miwili.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, wa chuo cha wanyamapori Mweka na mliotoka kwingine, pamoja na wale wenye ajira nyingine Arusha au Moshi wanaotaka kuwinda kwa leseni yao wenyewe. Kila mwaka, kabla msimu haujafunguliwa Julai, kuna mmoja wenu huniuliza anunue bunduki gani, na karibu kila mara ameshapenda kubwa kuliko anayoiweza. Ameiona kwa mwindaji bingwa fulani, imening'inia begani kwa raha zake. Hajui yule bwana alianza na nini.

Teke ni nini hasa? Kichwa cha risasi na moshi wa baruti vikitoka mbele, bunduki inarudi nyuma na bega lako ndilo breki. Risasi nzito yenye kasi kubwa hurudisha kwa nguvu zaidi, na bunduki nyepesi huzidisha. Mniwie radhi kwa hesabu kidogo: risasi ileile ikipigwa kwenye bunduki ya kilo 4 badala ya kilo 3, nguvu ya teke hupungua kwa robo. Basi ile bunduki nyembamba unayoisifia dukani kwa wepesi, siku ya kupiga itakudai. Kuhusu kaliba, .243 hukupiga takriban nusu ya .30-06. .375 hukupiga karibu mara nne ya .243, na ile .458 yangu ya siku ya kwanza karibu mara sita.

Sasa, kwa mtu ambaye bega lake linalalamika, mimi hutaja mbili au tatu tu. 7x57 (milimita 7 upana wa risasi, 57 urefu wa ganda), ya Wajerumani, ipo tangu mwaka 1892, inatupa kichwa cha risasi cha gramu 9 hivi bila fujo, na ukipiga pahali pake inaangusha swala pala, ngiri, kongoni, hata nyumbu. Mdogo wake wa kisasa ni 7mm-08, iliyotoka 1980 kwa kubana ganda la .308, kazi ni ileile. Ukikosa zote mbili, chukua .308 yenye uzito wa kutosha na uanze na risasi za grein 150 (grein ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ziache za 180 kwanza. .243 ni tamu sana begani, naikubali kwa swala tomi na swala pala, ila kwa nyumbu inadai mkono uliotulia kuliko wa mwanagenzi. Na kabla hujapenda kaliba yoyote, zunguka uulize kama risasi zake zinapatikana. Nimemwona jamaa Moshi mwenye bunduki nzuri ajabu, ameifungia kabatini mwaka mzima kwa kukosa risasi.

Kuna atakayekusimulia habari za W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyewaangusha wengi kwa hiyohiyo 7x57. Ni kweli. Bell alikuwa mlengaji wa kipekee na aliichora mifupa ya tembo kichwani mwake. Wewe usijaribu. Hapa kwetu nyati na tembo hawaguswi kwa kitu kilicho chini ya .375, na sheria hiyo ina maana yake ukishamwona nyati aliyejeruhiwa akikusubiri kichakani.

Niseme kuhusu woga wenyewe, maana hapo ndipo watu wanajidanganya. Baada ya ile .458 nilipewa .30-06 ya kampuni. Nilikuwa nakosa. Nikasema darubini imehama, wakairekebisha, nikakosa tena. Siku moja nikampiga swala pala tumboni, tukamfuata tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama. Mzee wetu wa nyayo, yule anayetuongoza kufuata alama za mnyama, hakuniambia neno njia nzima. Tulipommaliza ndipo akasema, "Kijana, wewe hukosi. Wewe unakimbia kabla ya mlio."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nafumba macho na kusukuma bega mbele sekunde ile ninapovuta traiga. Mpigaji mwenyewe hajioni, kwa sababu mlio na teke vinafunika kila kitu. Njia ya kumkamata ni moja: tafuta risasi bandia za mazoezi zisizo na baruti, mwenzako akujazie magazini akichanganya na risasi za kweli, wewe usijue ipi inafuata. Ikifika ile bandia, mtutu ukiinama kama unaokota kitu, umeshikwa. Mara ya kwanza mtutu wangu uliinama kiasi kwamba mwenzangu aliona haya kwa niaba yangu.

Dawa yake haina ushujaa. Rudi kwenye .22, piga nyingi, maana ni nafuu na haina kishindo. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu na umeikagua mara mbili, na risasi zipo chumba kingine, vuta traiga polepole ukiangalia kama mtutu unatikisika. Ukirudi kwenye bunduki ya kuwindia, piga risasi 10, zikizidi sana 15, kisha funga. Ukiendelea huku bega linauma unajifundisha kuogopa. Na masikio! Nusu ya teke iko masikioni. Kwenye uwanja wa shabaha vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, utashangaa bunduki ileile imekuwa mpole.

Jambo lingine lisilosemwa dukani ni kipimo cha kitako. Kunja kiwiko kama unabeba trei ya chai, ingiza mwisho wa kitako kwenye kona ya kiwiko, kidole kifike kwenye traiga bila kujinyoosha. Bunduki nyingi za kiwandani zina sentimita 34 au 35 kutoka traiga hadi mwisho wa kitako, na mtu mfupi wa mikono huishia kuishikilia kwenye msuli wa mkono badala ya bega. Hapo hata .243 itamwachia alama. Fundi mzuri wa mbao anaweza kukipunguza kitako na kukifunga mpira laini mwishoni. Pima ukiwa umevaa lile koti zito utakalolivaa porini. Alfajiri ya Julai huku kwetu hakuna anayewinda na fulana.

Darubini nayo iangalie. Chagua inayokuonyesha picha kamili jicho likiwa nyuma yake sentimita 9 au 10. Mnaojisogeza karibu, someni tena mwanzo wa habari hii.

Breki ya mtutu, kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, siipendi. Ni kweli inapunguza teke sana, lakini inageuza mlio kuurudisha pembeni, na pembeni ndiko anakosimama mzee wa nyayo asiye na kizibo sikioni. Bega lako linapona kesho, sikio lake halirudi. Kama huwezi kabisa bila hiyo, itumie uwanjani tu.

Na uwanjani usikae mezani kutwa. Ukiwa umeegemea meza mwili hauna pa kurudi, teke lote linaishia mfupani. Rekebisha shabaha ya mita 100 hapo, weka kifuko cha mchanga kati ya bega na kitako ukipenda, kisha simama upige ukiegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kama utakavyopiga porini. Ukiwa umesimama mwili unayumba na teke linapita.

Karatasi zianze mapema. Kumiliki silaha kunaongozwa na sheria ya 2015, maombi yanapita serikali ya mtaa na polisi, na si jambo la wiki mbili. Kibali cha kuwinda ni kingine kabisa. Muda huo wa kusubiri ndio wa kuazima uzoefu: omba kupiga bunduki za wengine chini ya msimamizi wao, kaliba tofauti, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mwaka juzi tulipokea mwanafunzi wa kike, mwembamba, hakufika kilo 55. Wakubwa wakamletea .375 siku ya kwanza, kwa mzaha uleule. Akasema, "Shikamooni wakubwa, nitaipiga nikiwa tayari," akaenda na 7x57 yake. Alikaa nayo msimu mzima, na katika vijana wote yeye ndiye hakutuacha tukifuata damu hata siku moja. Desemba akaiomba .375 mwenyewe. Akapiga tatu, zote zikakaa ndani ya kisosi cha kikombe, akaondoa magazini, akafungua chemba na kuikagua, akamrudishia mwenye bunduki.

"Kwa leo inatosha," akasema.

Kulikuwa bado na risasi 17 kwenye boksi. Hakuna aliyemwambia aongeze.