Cheche za msuguano: majibu kwa maswali yenu ya kipupwe

Kila kipupwe kikiingia, maswali kuhusu cheche na shoti huongezeka. Leo nayajibu kwa pamoja. Lile la dumu la petroli nimelijibu kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu linahusu uhai wa watu.

Mwalimu, shikamoo. Usiku nikivua sweta gizani naona cheche na kusikia tatatata. Bibi anasema si jambo la kawaida. Je, mwili wangu una tatizo? (Msomaji, Njombe)

Marahaba, mwanangu. Mwili wako ni mzima. Kila kitu kimeundwa kwa atomi, na pembezoni mwa atomi kuna elektroni zenye chaji hasi. Vitu viwili vya aina tofauti vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za ziada na kingine hubaki na upungufu. Kugusana tu kunatosha. Kusugua huzidisha, kwa kuwa sehemu nyingi zaidi za vitu hivyo hukutana. Unapolivuta sweta la nailoni kutoka kwenye shati la ndani, unazitenganisha chaji hizo, na kadiri nguo zinavyoachana ndivyo volti zinavyopanda.

Hewa huzuia umeme usipite, ila uwezo wake una kikomo: takriban volti 30,000 kwa kila sentimita. Kikomo kikivukwa, hewa yenyewe hugeuka njia ya umeme kwa kitambo kifupi mno. Hapo ndipo unapoona cheche na kusikia mlio. Mwambie bibi awe na amani.

Kama cheche hizo zina volti elfu kumi, mbona hatufi, wakati za ukutani ni 230 tu na zinaua? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma)

Swali zuri sana. Volti zinaeleza msukumo, hazielezi wingi wa umeme uliopo nyuma yake. Tone la maji likidondoka kutoka kileleni mwa mnazi halikuangushi, lakini mto uliofurika, hata ukiwa wa kina cha magoti, unakuzoa. Mtu mwenye chaji ya volti 10,000 amebeba nishati ya takriban milijuli 5, na yote huisha ndani ya muda usiofika sehemu ya milioni ya sekunde. Soketi ya ukutani haiishiwi. Inaendelea kukusukumia umeme mpaka uachie au umeme ukatwe.

Nilipokuwa Tanga sikuwahi kupigwa shoti na kitasa. Hapa Toronto, kila majira ya baridi nachapwa mpaka naogopa kumshika mwanangu. (Mama, Toronto)

Pole, dada. Tofauti ni unyevu. Tanga hewa imejaa mvuke, na juu ya kila kitu hutanda utando mwembamba wa maji usioonekana. Kupitia utando huo chaji huvuja kidogo kidogo kabla haijarundikana. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo mno, na ikipashwa moto ndani ya nyumba unyevu wake huweza kushuka hadi karibu asilimia 20. Ukitembea juu ya zulia na soksi za nailoni, chaji inabaki mwilini ikisubiri chuma.

Vaa pamba, paka mafuta mikononi, na ukiweza weka mashine ya kuongeza unyevu chumbani. Kabla ya kushika kitasa, kiguse kwanza kwa ufunguo ulioushika barabara. Cheche itaruka kwenye ufunguo na kidole chako hakitahisi kitu.

Mimi ni fundi simu. Wakati mwingine nafungua simu kubadilisha skrini tu, nikiifunga haiwaki tena. Wenzangu wanasema ni umeme wa mwili. Kweli? (Mwanza)

Inawezekana kabisa, na ubaya wake ni kwamba hutahisi chochote. Vidole vyetu huanza kuhisi cheche kwenye takriban volti 3,000. Baadhi ya IC, yaani vile vipande vidogo vyenye saketi ndani ya simu, huharibika kwa volti zisizofika hata 100. Tena si lazima ife papo hapo: huweza kujeruhiwa ndani, ikafanya kazi wiki kadhaa, halafu ikazima, na mteja akarudi akiamini umemfungia kifaa feki.

Nunua mkanda wa ethi wa mkononi, ule unaounganisha mwili wako na ardhi. Ndani yake kuna kizuizi cha ohm milioni 1, ambacho huiacha chaji ivuje polepole na pia hukulinda endapo utagusa waya wenye umeme wa nyumbani. Kwa hiyo usijitengenezee mwenyewe kwa kufunga waya mtupu mkononi. Waya wa namna hiyo unaweza kukuua. Halafu acha kusugua bodi kavu kwa brashi ya nailoni ya kawaida, maana hapo unazalisha kilekile unachokikimbia.

Nanunua petroli sheli kwa dumu la plastiki la lita 20 nakwenda kuuza kijijini. Mhudumu ananikataza kujaza dumu likiwa juu ya pikipiki, eti umeme. Umeme gani na hakuna waya? (Dereva bodaboda, Morogoro)

Msikilize mhudumu huyo, kijana wangu. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiasi chake huwashwa na cheche ya takriban milijuli 0.25. Linganisha na zile milijuli 5 nilizomtajia mwanafunzi wa Dodoma: mwili wako unaweza kubeba mara ishirini ya kinachohitajika.

Umeme huo una vyanzo viwili. Cha kwanza ni petroli yenyewe. Ikikimbia ndani ya mpira wa pampu hutoka na chaji, na kwa kuwa haipitishi umeme vizuri, chaji hiyo haiondoki upesi. Ikiingia kwenye dumu la plastiki lililo juu ya siti, nalo liko juu ya tairi za mpira, haina pa kwenda. Cha pili ni wewe, uliyetoka kwenye siti na jaketi lako la nailoni, ukanyoosha mkono palepale mvuke unapotoka.

Kwa hiyo zima injini na uliweke dumu chini, ardhini. Gusa chuma kitupu mbali na mdomo wa dumu kabla ya kuanza. Mdomo wa chuma wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote, na mafuta yaingie polepole. Usijaze likiwa kwenye pikapu yenye zulia au plastiki chini. Moto ukiwaka wakati tenki la gari linajazwa, usilichomoe bomba, maana utaumwaga moto huku na huku. Ondoka, piga kelele mhudumu azime pampu.

Wengi wanaiogopa simu na kusahau nguo zao. Huko Marekani, walipofuatilia moto wa vituo vya mafuta, walikuta visa vingi vya watu waliorudi kukaa kwenye gari mafuta yakiwa bado yanaingia, kisha wakatoka na kushika bomba. Siti ndiyo iliyowachaji.

Na zile chupa za maji za kuuzia petroli kando ya barabara zinaninyima amani. Chupa ya namna hiyo haikutengenezwa kwa petroli, na mara nyingi anayeishika ni mtoto.

Maji nayo yanaweza kuzalisha umeme huu? (Baharia, Mombasa)

Ndiyo. Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka ndani ya mwezi mmoja wakati matenki yake matupu yakioshwa. Mactra ilikuwa hapa jirani, kwenye Mlango wa Msumbiji. Inaaminika kwamba maji yaliyorushwa kwa nguvu yalipopasuka yaliacha ukungu wenye chaji ndani ya tenki lililojaa mvuke wa mafuta. Tangu hapo ulienea utaratibu wa kujaza matenki gesi isiyounguza, ili oksijeni ndani isizidi asilimia 8.

Na radi? (Msomaji, Bukavu)

Asili yake ni ndugu wa cheche ya sweta: ndani ya wingu, chembe za barafu hugongana na vipande vizito vya barafu laini, chaji zikatengana, upepo ukazipeleka juu na chini. Kabare, hapo jirani yako, imo kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Kioo na nguo nyekundu haviiti radi. Ukisikia ngurumo, ondoka ziwani, usijifiche chini ya mti, ingia kwenye jengo imara au gari lenye paa la chuma, na usirudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.