Maswali ya Wasomaji: Freddie Mercury alikufa kwa ugonjwa gani?

SWALI: Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la muziki la Queen, mzaliwa wa Unguja, aliuawa na UKIMWI au nimonia? Nasikia yote mawili.

JIBU: Yote mawili ni kweli. Virusi vya UKIMWI hubomoa kinga ya mwili, kisha maradhi nyemelezi hupenya. Kwake ilikuwa nimonia. Alifariki nyumbani kwake Kensington, London, tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza hadharani kuwa anaugua. Inauma sana, kwani dawa kuu wakati huo ilikuwa AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ikitumiwa peke yake virusi huizoea. Mchanganyiko wa dawa tatu, unaovibana pande kadhaa kwa pamoja, ulianza kuenea mwaka 1996.